Kijana wangu kapewa kazi ya kurudisha mateke, hiyo nayo ni nafasi?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Louisville, Kentucky. Familia yao walitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na kijana wake wa pili ana miaka 16, amekua anacheza soka letu la kawaida mpaka alipofika sekondari wakaona mbio zake wakamvuta kwenye futiboli ya Kimarekani. Kocha kamweka nyuma kudaka mateke na kukimbia na mpira, na mojamoja anaingia kama risiva, yaani mdaka pasi. Wenzake wanamwambia hiyo sio nafasi, ni pa kumweka mtu aliyekosa pa kuwekwa. Mama anauliza: kuna mtu amewahi kuishi kwa kazi hiyo? Akazanie hiyo au akazanie urisiva? Na je, hataumia?

Dada yangu, asante sana, na nianze na hilo la wenzake maana naona ndo linalomuuma kijana. Ni nafasi. Kuna mtu anaitwa Devin Hester, mtoto wa Riviera Beach, Florida, mwaka 2024 ameingizwa kwenye Pro Football Hall of Fame pale Canton, Ohio, ile nyumba ya heshima ya mchezo huu, na kilichomwingiza ni kazi hiyohiyo anayofanya kijana wako. Kabla yake hakuna aliyewahi kuingia mle kwa sababu ya kurudisha mateke kwanza na mengine baadaye. Walimjadili mwaka wa kwanza hakupita, wa pili hakupita, wa tatu ndo akapita, kwa hiyo hata wakubwa walikuwa wanabishana jambo lilelile ambalo watoto wanambishia kijana wako kwenye basi la shule. Maisha ya huyu mtu yana karibu majibu yako yote, mazuri na machungu, ngoja nipite nayo.

Ila kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana sisi tuliokulia kwenye soka letu tunaangalia mchezo huu tunaona watu wanagongana tu. Kuna mateke ya aina mbili. Teke la kuanzia ni la mwanzo wa mechi, mwanzo wa kipindi cha pili na kila baada ya timu kufunga, mpira unawekwa chini unapigwa mbali. Lingine mimi kwa Kiswahili naliita teke la kuokoa, hapo timu imejaribu mara tatu kusogea yadi 10 imeshindwa, ya nne badala ya kubahatisha inauachia mpira kutoka mkononi na kuupiga juu, mbali, ili wapinzani wakaanzie kwao huko. Na kote kuwili kuna mtu amesimama nyuma kabisa anausubiri, na kwenye hilo la kuokoa mara nyingi anakuwa peke yake, macho juu, watu kumi na moja wanakuja kumfuata yeye.

Hilo la kuokoa ndo linalopima moyo wa mtu. Mpira wenyewe sio duara, una ncha mbili, unapanda unakaa hewani sekunde nne na kitu, na muda wote huo wale wawili wa pembeni wanaokimbia kuliko wote wanakula uwanja. Ncha ya mbele ikiinama mpira unaenda mbali zaidi, ikibaki juu unadondoka mfupi halafu unayumba, na mpigaji akiwa wa mguu wa kushoto unazunguka kinyume, unakimbilia upande ambao mwili wako haujazoea. Sasa kijana anatakiwa ausome mpira kuanzia unapotoka mguuni, ateleze miguu mpaka awe chini yake kabisa, viwiko vibane mbavu, mikono iwe kama anapokea mtoto mchanga, na kabla haujamfikia ashushe macho mara moja tu, nusu sekunde, aone nani yuko karibu, arudishe macho juu. Hapo ndo anaamua. Akiona wamefika anapunga mkono juu, maana yake anadaka kwa amani, hawaruhusiwi kumgusa na yeye haruhusiwi kukimbia. Akiona ana nafasi anadaka anaondoka. Akiona mpira unaelekea kudondoka nyuma yake karibu na goli lake anauacha, wengi wanafundishwa wasimame na visigino kwenye yadi ya 10 kutoka goli lao na wasirudi hata hatua moja, ukipita juu yako uache upite. Maana ukiugusa tu ukakuponyoka ni mali ya atakayeuwahi, na wapinzani wanauwahia palepale mlangoni kwako.

Watu wanasema kazi ya mbio. Mbio zipo nyingi tu dada, kila shule ina watoto wenye mbio, wenye mbio na utulivu wa kufanya hayo yote ndani ya sekunde nne ni wachache mno.

Haya, Hester. Chuo alisoma University of Miami, na huko walimchezesha ulinzi, wakamchezesha ushambuliaji, wakamchezesha na timu maalum, ndo jina la vikosi vya mateke. Yaani mtu wa kila mahali, na kwa wengi mtu wa kila mahali ni mtu asiye na mahali. Kumbuka hilo kijana akirudi nyumbani amenuna. Mwaka 2006 Chicago Bears, timu ya ligi kuu ya mchezo huu, NFL, wakamchukua kwenye drafti, ule uchaguzi wa wachezaji wapya, raundi ya pili, namba 57, kwenye makaratasi kama konabeki, mlinzi wa pembeni. Mechi yake ya kwanza kabisa, Green Bay, karudisha teke la kuokoa yadi 84 mpaka goli. Mwezi wa kumi wakaenda Arizona, Bears nyuma 20 kwa 0 mpaka mapumziko, ushambuliaji wao siku hiyo haukufunga tachidauni hata moja, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli la wapinzani, ulinzi ukafunga mbili, halafu zimebaki kama dakika tatu Hester akadaka teke la kuokoa akaenda nalo yadi 83, mechi ikaisha 24 kwa 23. Timu imeshinda na kwotabeki wake, yule mrusha pasi, hajafunga kitu.

Ile ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya mwezi wa kumi na moja, dhidi ya New York Giants. Giants walijaribu goli la teke, lile la kuupitisha mpira kati ya nguzo, kutoka yadi 52, mpira ukawa mfupi, Hester alikuwa amesimama mle ndani kabisa ya eneo la goli lake akaudaka. Tafuta video umwonyeshe kijana. Anaudaka halafu analegea, anapiga hatua mbili tatu kama mtu aliyekata tamaa, mabega yameshuka, unaona kabisa wale wa Giants nao wanalegea, wengine hata hawamwangalii, na ghafla anachomoka. Yadi 108. Mwenzake wa timu hiyohiyo, Nathan Vasher, alikuwa amefanya yadi 108 za namna hiyo mwaka mmoja kabla, kwa hiyo wakalingana kwenye rekodi. Mimi nikifundisha vijana nawawekea kile kipande cha kulegea tu, kule mbele anakokimbia sio kwa kujifunzia. Hakuwapita kwa mbio pale mwanzoni, aliwapita kwa kuwasoma.

Mwaka huo alimaliza na tachidauni sita za kurudisha, na yeye ni mgeni kwenye ligi. Halafu ikaja Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2007, inachezwa Miami Gardens, kwao, mvua inanyesha, dhidi ya Indianapolis Colts. Wiki nzima swali lilikuwa moja, wampigie au wasimpigie, na kocha wa Colts Tony Dungy akaamua wampigie. Teke la kwanza la mechi, sekunde 14, yadi 92, tachidauni. Mpaka leo hakuna mwingine aliyefungua Super Bowl hivyo. Colts walishinda mwishoni 29 kwa 17, lakini baada ya ile ya kwanza hawakurudia tena kumpa mpira vizuri, walikuwa wanapiga mateke mafupi ya chini yanayodundadunda ili yaokotwe na mtu mwingine.

Hapo dada ndo utaelewa thamani ya kazi hii ambayo haiandikwi kwenye takwimu za mtu. Timu zikaanza kumkwepa, wanapiga mpira nje ya uwanja makusudi, na teke la kuanzia likitoka nje timu inayopokea inaanzia yadi yake ya 40. Ina maana Hester alikuwa anaipa timu yake uwanja bure kwa kusimama tu pale. Kijana akirudi siku fulani akasema leo sijagusa mpira hata mara moja, muulize wenzake walikuwa wanaanzia wapi.

Sasa nakuja kwenye swali lako la pili, na hapa ndo kuna machungu.

Bears walipoona mtu wa namna ile walifikiria kama ambavyo yeyote angefikiria, kwamba huyu anagusa mpira mara chache mno, tumpe mwingi zaidi. Mwaka 2007 wakamtoa kwenye ulinzi wakamfanya risiva. Mwaka huo alirudisha sita tena, hakuna shida, Novemba dhidi ya Denver akarudisha mbili kwenye mechi moja, moja ya kila aina ya teke. Lakini 2008 wakampa mkataba mkubwa na kumkabidhi urisiva kwa uzito wote, na 2009 akadaka mipira 57 kwa yadi 757, ndo msimu wake bora kabisa kama risiva. Na miaka hiyo miwili, 2008 na 2009, tachidauni za kurudisha alipata sifuri. Sifuri, mtu aliyepata 12 kwenye misimu miwili iliyotangulia.

Kuna wanaosema ni bahati tu na kukwepwa. Kukwepwa kulikuwepo, sikatai. Ila mtazamo wangu, na nimekaa na jambo hili miaka, ni kwamba waligawa miguu yake. Risiva anakimbia njia zake karibu kila jaribio la timu yake, nyingi haziletewi mpira, anazuia, anagongwa, halafu ulinzi wao ukiwasimamisha wapinzani anatakiwa asimame nyuma adake teke la kuokoa na miguu iwe mipya. Na urisiva ni elimu ya pekee, kukata kona kwa hatua iliyohesabiwa, kusoma ulinzi pamoja na kwotabeki muone kitu kimoja kwa wakati mmoja, watu wanaisoma tangu wadogo na yeye kaanza kuisoma ukubwani, tayari yuko kwenye ligi. Alifanya vizuri kuliko watu wanavyomsema, jumla ya maisha yake ni mipira 255, yadi 3,311, tachidauni 16. Ni risiva wa kawaida. Na walichukua mrudishaji bora aliyewahi kuonekana wakamtumia kwa kazi ya risiva wa kawaida, bado roho yangu haijatulia kuhusu hilo.

2010 wakampunguzia urisiva, mipira 40, na ghafla zikarudi, tatu za mateke ya kuokoa. 2011 tatu tena kwa jumla ya mateke yote, na ile ya Carolina mwezi wa kumi ilikuwa ya 11 kwa mateke ya kuokoa peke yake, akavunja rekodi ya Eric Metcalf. 2012 ukawa mwaka mbaya, hakurudisha hata moja, kocha Lovie Smith akafukuzwa, na Hester mwenyewe akawa anawaza kuacha kabisa. Kocha mpya akamwambia urisiva basi, wewe rudisha tu, na 2013 akafikisha ya 19, sawa na Deion Sanders ambaye alikuwa shujaa wake na baadaye mlezi wake. Halafu Chicago wakamwacha. Akaenda Atlanta Falcons, na Septemba 2014 dhidi ya Tampa Bay akadaka teke la kuokoa akaenda yadi 62, ya 20, rekodi ikawa yake, na Deion alikuwepo uwanjani usiku ule anaangalia. Baada ya hapo Baltimore, Seattle kidogo kwenye mechi za mtoano, na 2017 akatangaza kustaafu. Ishirini, na ile ya Super Bowl haimo humo kwa sababu za mtoano zinahesabiwa pembeni.

Sasa usije ukamwambia kijana aache urisiva kwa sababu ya hadithi hii. Namwambia kinyume. Hester ni mmoja, na hata yeye ikafika siku timu yake ikamwona mtu wa kazi moja tu ni anasa. Kikosi cha timu ya ligi kuu ni watu 53, na kocha akifika kwenye risiva wa nne na wa tano anauliza swali moja, huyu kwenye timu maalum anafanya nini? Anayejua kudaka mateke anabaki, asiyejua anafungasha. Na chuo fikra ni hizohizo. Kwa hiyo kwa kijana wako kurudisha ndo mlango, urisiva ndo nyumba. Mfano mzuri ni Steve Smith wa Carolina Panthers, aliingia 2001 raundi ya tatu, mfupi, akapewa kurudisha, mpira wa kwanza kabisa aliogusa kwenye ligi ni teke la kuanzia na akalipeleka mpaka goli. Ila hakuishia hapo, akausoma urisiva taratibu mwaka hadi mwaka na alipostaafu alikuwa na yadi 14,731 za kudaka. Cordarrelle Patterson ndo wa upande mwingine, alichukuliwa kama risiva wa raundi ya kwanza, urisiva haukukaa vizuri, kurudisha ndo kukamweka kwenye ligi na leo ana rekodi ya mateke ya kuanzia, tisa.

Tofauti ya kijana wako na Hester ni kwamba yeye ana 16, muda anao. Asome vyote viwili sasa, mwili bado mwepesi na hakuna anayemlipa. Kugawa miguu ni shida ya mtu mzima aliyeanza darasa kachelewa.

La tatu, kuumia. Hapa sikufichi dada. Teke la kuanzia ni sehemu ya hatari ya mchezo huu, watu wanakuja kasi kutoka mbali wanakutana na wanaokuja kasi kutoka mbali, na vichwa vimeumia sana hapo kwa miaka. Ndo maana ligi kuu imelibadilisha mara kwa mara, 2011 wakasogeza teke mbele mpaka yadi ya 35 ili mipira mingi ipitilize isirudishwe, na 2024 wakaleta mpangilio mpya kabisa ambapo pande mbili zinasimama karibu karibu na haziruhusiwi kusogea mpaka mpira uguse ardhi au mtu, ili ile mbio ndefu ya kugongana iishe. Sekondari mna afadhali moja, mpira ukivuka mstari wa goli umekufa palepale, hakuna kurudisha. Lakini mengine yote yapo.

Kwa hiyo fanya haya kama mzazi. Nenda kwa kocha, usiogope Kiingereza, mchukue kijana mwenyewe atafsiri, na muulize: mwanangu ana ruhusa ya kupunga mkono akiona wamekaribia, bila kufokewa? Jibu lake litakuambia kila kitu kuhusu huyo kocha. Kocha anayemkaripia mtoto kwa kupunga mkono anamfundisha kudaka mpira huku anagongwa, na huyo mimi nisingemwachia mwanangu. Kingine, siku akigongwa kichwa akawa anaona taa zinaumiza macho, kichefuchefu, anasahau vitu, anatoka uwanjani na harudi mpaka daktari aseme, hata kama ni fainali, hata akilia. Na umwambie mapema, sio siku hiyo, kwamba kusema naumwa kichwa sio woga, maana vijana wetu wanaficha, hasa wanaojiona wageni wanaotakiwa kuthibitisha kitu.

Na kwa mazoezi ya nyumbani, kuna moja halihitaji pesa. Atafute mwenzake wa kumpigia au hata kumrushia mpira juu sana, adake mmoja, asiuweke chini, aubane kwapani, adake wa pili akiwa na wa kwanza, abane, ajaribu wa tatu. Hapo mikono peke yake haisaidii tena, miguu inalazimika kumpeleka chini ya mpira kabisa, na ndo siri yenyewe. Afanye jioni jua likiwa linamchoma machoni, afanye siku ya upepo, afanye mdogo wake akiwa anamkimbilia anapiga kelele. Akishaweza kudaka wa pili bila kuudondosha wa kwanza mara kumi mfululizo, niandikie tena, nitakuambia cha kuanza nacho kwenye njia za risiva.